Kwa Miguu Hadi Namugongo: Je, Taabu ya Njia Ndiyo Thawabu?



Kila mwaka, siku chache kabla ya tarehe 3 Juni, barabara zote ziendazo Namugongo hujaa watu. Wako watokao kaskazini ya Uganda, wako watokao magharibi milimani, wako wa Kenya na wa Rwanda, na wako wa kwetu Tanzania. Wengi hupanda basi. Wengine huenda kwa miguu. Na huku ufuoni mwa Ziwa Viktoria, Pasaka ikikaribia, hutokea katika parokia kijana au mama atangazaye kwamba mwaka huu, Mungu akipenda, atatoka Mwanza mpaka Namugongo kwa nyayo zake mwenyewe. Majirani humsifu. Mzee mmoja huguna na kuuliza: "Basi la abiria limekosa nini?"

Swali la mzee huyo lina uzito kuliko linavyosikika. Kama taabu ya njia ina thamani kwa yenyewe mbele ya Mungu, basi anayetaka kwenda na aende peku, bila maji na bila kofia, na kadiri atakavyoumia ndivyo thawabu yake itakavyozidi. Kama taabu haina thamani yo yote, basi mwenda kwa miguu anapoteza majuma matano bure, na abiria wa basi ndiye mwenye akili. Sisi tunaoombwa mashauri ya viatu na chakula cha njiani hatuwezi kusema neno la maana kabla ya kulikata jambo hili. Kwa sababu anayemwambia mhujaji avae viatu vizuri amekwisha kuamua kwamba malengelenge si sala.

Kwanza tuitazame njia yenyewe, maana watu wa Mwanza wana haki nayo. Mapadri Weupe wa kwanza waliotoka Bagamoyo mwaka 1878 walilifikia ziwa upande wetu huu wa kusini, penye kijiji cha Kageye, mwishoni mwa mwaka ule ule. Kutoka hapo Padri Simeoni Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapeera, na Bruda Amans walivuka kwa mtumbwi, wakafika karibu na Entebbe tarehe 17 Februari 1879. Mwaka 1882 hali ya Buganda ilipoharibika, mapadri walirudi kusini wakakaa Bukumbi, wala hawakuonekana tena Buganda mpaka mwaka 1885. Katika miaka hiyo ni walei waliolishika kundi: Yosefu Mukasa Balikuddembe, Andrea Kaggwa, Matia Mulumba na wenzao. Kwa hiyo mhujaji atokaye Mwanza akishika barabara ya Kigongo anapita karibu na Bukumbi, mahali ambapo mapadri walikaa huku wanafunzi wao wakikomaa bila wao upande wa pili wa maji. Hilo peke yake latosha kumpa mtu mawazo ya siku mbili tatu.

Kutoka Kigongo mpaka Busisi zamani ilibidi kungoja kivuko. Tangu Juni 2025 liko daraja la kilometa 3, nalo lavukika kwa miguu. Baada ya hapo ni Sengerema, Geita, Bwanga, Biharamulo, Muleba, Bukoba, Kyaka, mpaka wa Mutukula, kisha Kyotera, Masaka, Kampala, na mwisho Namugongo. Jumla yake yapita kilometa 700. Mtu mzima mwenye afya aliyezoea kutembea aweza kwenda kilometa 25 kwa siku bila kujiharibu, siku sita kwa juma, Dominika akipumzika. Fanya hesabu: ni majuma matano. Anayetaka kuwahi tarehe 3 Juni na aondoke Mwanza mwishoni mwa Aprili. Lakini mwisho wa Aprili ndio wakati wa masika, na Bukoba ni miongoni mwa miji ipatayo mvua nyingi kuliko yote katika nchi yetu. Basi mvua imo katika hesabu, na asiyeitia katika hesabu atakuwa amelala na nguo mbichi kabla hajafika Muleba.

Sasa turudi kwenye swali letu. Mtakatifu Toma wa Akwino, ambaye mapadri wengi walilishwa kwa mafundisho yake seminarini, alifundisha kwamba uzuri wa fadhila hautokani na ugumu wa tendo bali na wema wake. Jambo gumu laweza kuwa jema zaidi, lakini si kwa sababu ya ugumu wake. Ni kwa sababu upendo uliolifanya ulikuwa mkubwa hata ukaushinda ugumu. Mama anayekesha kumwuguza mtoto hastahili sifa kwa sababu ya usingizi aliokosa. Angaliweza kumwuguza vema bila kukosa usingizi, angalifanya vivyo hivyo, na upendo wake usingalipungua hata chembe. Mwizi naye hukesha.

Kwa kipimo hicho, anayejiumiza njiani kwa kusudi, akikataa viatu alivyo navyo na maji aliyopewa, hajaongeza kitu cho chote katika sadaka yake. Tena yuko karibu na kosa jingine, lile ambalo Bwana wetu alilikataa juu ya kinara cha hekalu alipoambiwa ajitupe chini malaika wampokee. Kupita pori la Biharamulo peke yako usiku, ukisema Mashahidi watakulinda, si imani. Ni kumjaribu Mungu.

Hapa twasikia jibu la haraka: "Mashahidi wenyewe hawakuvaa viatu. Walikwenda Namugongo wamefungwa minyororo." Ni kweli. Lakini nani aliwafunga? Karoli Lwanga hakujifunga mnyororo. Alifungwa na watumishi wa Kabaka Mwanga mwezi wa Mei 1886 kule Munyonyo, na neno alilokuwa nalo katika uwezo wake lilikuwa moja tu: kukana au kutokana. Maumivu aliyapokea kwa kuwa hakuwa na njia ya kuyaepuka isipokuwa kwa kumwacha Kristu. Anayetafuta maumivu na anayekataa kuyakimbia kwa gharama ya dhamiri yake hawafanani, hata kama miguu ya wote wawili inatoka damu.

Basi vaeni viatu. Visiwe vipya, viwe vimevaliwa mwezi mzima kabla ya safari, na viwe vikubwa kidogo, kwa sababu mguu hutuna jua likiwa kali. Wako wanaotembea vizuri sana kwa katambuga, nasi hatuna ugomvi nao, maadamu wamezizoea tangu utoto. Aliyezoea viatu vya kufunika asijaribu katambuga kwa mara ya kwanza katika barabara ya Geita. Soksi jozi tatu, za kubadili kila mchana. Mahali panapoanza kuwaka moto penye kisigino pafungwe kitambaa mara moja, palepale, hata kama wenzio wanaimba na hupendi kuwasimamisha. Lengelenge likitokea lisichunwe ngozi. Likiwa kubwa na lenye kuuma, litobolewe pembeni kwa sindano iliyochemshwa, maji yatoke, ngozi ibaki kama kifuniko, pafungwe kitambaa safi. Mwenye ugonjwa wa sukari asitembee safari hii bila idhini ya daktari wake. Kidonda cha mguu kwake si jambo la kuvumilia kwa rozari.

Maji ni jambo la pili, na huku kwetu lina hila yake. Mtu aliyechoka akiliona ziwa hutamani kuingia na kuosha miguu. Asifanye hivyo. Katika maji ya kina kifupi, penye majani na konokono, mna vijidudu vya kichocho vipenyavyo ngozi bila mtu kuhisi, na mwambao wa Mwanza unajulikana kwa ugonjwa huo. Oga kwa maji ya bomba au ya kisima. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa, hata yale ambayo mahujaji huyachota katika bwawa la Namugongo kwa heshima: yachukueni nyumbani, mkipenda, lakini msiyanywe mabichi. Akiharisha mtu, achanganyiwe lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, anywe kidogo kidogo. Na asipopata nafuu upesi apelekwe zahanati siku hiyohiyo. Na jambo ambalo watu huona haya kulitaja: kundi kubwa lisilochimba choo wala kutafuta choo laweza kuacha kipindupindu katika kijiji kilicholikaribisha. Hiyo si kasoro ya adabu tu. Ni dhambi dhidi ya jirani, na hakuna litania iifutayo bila jembe.

Hata hivyo hatujamjibu mzee wa basi. Kama taabu si thawabu, kwa nini kutembea?

Mtakatifu Gregori wa Nisa, katika karne ya 4, aliandika barua kuwaonya Wakristu wa kwao Kapadokia wasidhani kwamba Mungu yu karibu zaidi Yerusalemu kuliko nyumbani kwao. Naye alikuwa amekwenda Yerusalemu na kurudi. Hakusema kwa wivu. Tunakubaliana naye. Mungu wa Namugongo ndiye yule wa Sumve na wa Ukerewe. Mtu wa Mwanza anaweza kwenda hija Kawekamo na kurudi kabla ya giza, na wa Bukoba ana Nyakijoga. Lakini Gregori alikuwa anawajibu watu waliodhani hija ni sharti. Sisi twauliza jambo jingine: je, iko faida ambayo mguu huipata na gurudumu haliipati?

Twaona iko. Abiria wa basi amenunua kiti, na kwa kiti hicho hamhitaji mtu ye yote kati ya Mwanza na Kampala isipokuwa dereva. Mwenda kwa miguu humhitaji kila mtu. Ataomba maji kwa Mwislamu na kwa Mlokole. Ataomba kulala katika darasa la shule. Ataulizwa na watoto anakwenda wapi na kwa nini, na itambidi ajibu, mara 20 kwa siku, mpaka jibu lake lenyewe limpe mashaka na alitengeneze upya. Mtu aliyezoea kutoa atajifunza kupokea, jambo ambalo kwa wengi wetu, hasa sisi mapadri, ni gumu kuliko kilometa 25. Zaidi ya hayo, barabara hii ina kumbukumbu zake. Wilayani Muleba, Kaboya, wamezikwa askari wetu wa vita vya Kagera. Daraja la Kyaka majeshi ya Idi Amin yalilibomoa mwaka 1978, na mwaka 1979 vijana wetu walipita Mutukula, Masaka na Lukaya wakiwa na bunduki, katika njia ileile ambayo mhujaji sasa anapita na rozari. Kwenye basi mambo hayo hupita dirishani kwa saa chache. Kwa miguu ni siku kadhaa za kuwaombea wafu wa pande zote mbili.

Basi faida ya mguu ni ile nafasi inayofunguliwa na taabu, wala si taabu yenyewe. Tena twaweza kuiharibu nafasi hiyo bila kutazamia, na njia ya kawaida ya kuiharibu ni mbio. Kundi huondoka Mwanza ndugu 30. Likifika Biharamulo vijana 10 wako mbele siku nzima, wanawake na wazee wako nyuma wanaulizana. Vijana hujivunia kilometa 40. Sisi twasema wazi: kundi liende kwa mwendo wa aliye dhaifu kuliko wote, na mkuu wa kundi atembee nyuma, wala si mbele. Kama hamwezi kukubaliana na hilo, gawanyikeni makundi mawili kabla ya kuondoka, bila kinyongo.

Tuchukue mfano ulio mgumu zaidi. Ni mwezi wa Mei, kundi liko Kyotera. Mmoja ameshikwa na malaria kali, amelazwa, na hana ndugu. Wenzake wametembea majuma manne. Wakibaki siku tatu hawatawahi sikukuu. Wafanyeje? Wengi watajibu kwamba mmoja abaki na mgonjwa, wengine waendelee, na jibu hilo ni jema. Lakini nani abaki? Kila mmoja ameweka nadhiri, kila mmoja ana nia zake. Twafikiri anayebaki hajaipoteza hija, nasi hatusemi hivyo kwa kumfariji tu. Wahesabuni Mashahidi 22 wa Kanisa Katoliki: ni 13 tu waliouawa Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Wengine 9 walikufa mahali pengine, na baadhi yao njiani. Gonzaga Gonza, ambaye minyororo ilimtia vidonda miguuni hata asiweze kuendelea, alichomwa mkuki Lubowa tarehe 27 Mei. Hakufika. Papa Benedikto wa 15 alipowatangaza wenye heri mwaka 1920, na Papa Paulo wa 6 alipowatangaza watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, hakuna aliyeuliza Gonza alibakiza maili ngapi.

Liko tena jambo la nyumbani, nalo ndilo linalotusumbua zaidi. Majuma matano ni muda mrefu. Baba anayeacha watoto bila chakula, au binti anayemwacha mama mgonjwa mikononi mwa jirani asiyeaminika, na wote wawili wakisema "ni kwa ajili ya Mungu", wasome tena Injili ya Marko, sura ya 7, jinsi Bwana wetu alivyowakemea waliowanyima wazazi wao haki kwa kisingizio cha kumtolea Mungu sadaka. Mwenye deni alipe kwanza, au apate ruhusa ya anayemdai. Mwenye ugomvi na ndugu yake aumalize kabla ya kufunga mzigo. Ni mzigo mzito kuliko unga.

"Lakini nimeweka nadhiri, Padri." Hilo twalisikia mara nyingi: mama aliahidi, mtoto wake alipokuwa mahututi, kwamba akipona atakwenda Namugongo kwa miguu. Mtoto amepona, sasa mama ana mimba ya miezi saba, au magoti yamemwisha. Hulala bila amani, akiogopa mtoto atachukuliwa tena. Dada yetu mpendwa, Mungu hadai namna hiyo. Sheria ya Kanisa inasema nadhiri ni ahadi ya jambo jema zaidi na linalowezekana. Lisilowezekana halimfungi mtu. Paroko wako ana mamlaka ya kukufungua katika nadhiri ya binafsi kwa sababu ya haki, na wewe mwenyewe waweza kuibadili kwa tendo lililo jema sawasawa au kuzidi. Nenda ukazungumze naye. Kwa maoni yetu, kumtunza kwa mwezi mmoja mtoto wa jirani aliyelazwa Bugando, ambaye mama yake ametoka mbali na hana pa kulala, ni nadhiri iliyotimizwa kwa ziada.

Kuhusu wenyeji wetu. Parokia za njiani ni maskini, na kundi la watu 30 laweza kula kwa usiku mmoja akiba ya juma la masista. Andikeni barua mapema kwa maparoko, mkitaja idadi na tarehe. Chukueni unga, maharagwe na sufuria zenu, mwombe kuni na paa tu. Wakiwaongezea ndizi, pokeeni kwa shukrani wala msikatae kwa majivuno. Mkiondoka, fagieni.

Barabarani tembeeni upande wa kulia, ili magari ya upande wenu mwone yanavyokuja usoni. Uganda nayo huendesha kushoto kama sisi. Mstari mmoja, nguo nyeupe au zenye kung'aa alfajiri, wala asiwepo mwenye kuziba masikio kwa nyimbo za simu, hata ziwe za kwaya. Pori kati ya Biharamulo na Muleba lipitwe mchana na kundi zima, baada ya kuuliza polisi hali ya siku ile. Vyandarua msiviache kwa sababu ya uzito. Mutukula mtadaiwa hati ya kusafiria na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Vyote viwili vitafutwe miezi miwili kabla, kwa kuwa afisa wa mpaka hana budi kumrudisha asiye navyo, hata akiwa na barua ya Askofu.

Mwisho, fedha. Mara nyingi kundi hufika Namugongo likiwa limetumia yote, na tarehe 4 Juni watu wazima huonekana wakiombaomba nauli kwenye vituo vya mabasi vya Kampala. Nauli ya kurudi itengwe tangu siku ya kwanza, mbali na fedha ya chakula, na anayeitunza awe mtu mwingine, asiwe mkuu wa kundi.